Vyeo vya Haji Darwish

"Hivi kompyuta nayo huchoka kusoma?" jirani yangu Madiha aliwahi kuniuliza, na jibu nililipata Jumatatu, ndani ya basi dogo la kwenda mtaa wa Shubra.

Mbele yangu walikaa msichana mwenye kompyuta mapajani na mzee anayefanya naye kazi. Ramani ya jengo ilitakiwa ifike manispaa kabla ya adhuhuri, na ilikuwa haifunguki.

"Ami Shawqi, majina ya folda za kuifikia ni marefu mno, mashine imegoma kuyasoma. Folda ya kwanza umeandika Mheshimiwa Mhandisi Mkuu Haji Darwish. Ndani yake nyingine, Mheshimiwa tena! Folda tisa, Mheshimiwa tisa!"

"Ndiye mwenye ofisi, Nermin. Ulitaka nimwite vipi, binti?"

"Niachie nibakize 'Haji' tu."

"Haji mtupu? Kama muuza maharage? Akiona, kazi yangu imekwisha."

"Na ramani isipofika kwa wakati, tutabaki na kazi gani?"

Kaburi la marehemu mume wangu limeandikwa majina yake mawili tu, bila cheo, na sina shaka malaika walimtambua. Lakini sikuulizwa, nikaendelea na tasbihi yangu.

Mzee aligeukia dirishani. "Fanya. Mimi sioni."

Nermin akafuta, akafuta, na ramani ikafunguka.

"Alhamdulillahi. Sasa mrudishie vyeo vyake."

"Nikimrudishia, inagoma tena, ami!"

"Mrudishie!"

Basi likasimama mbele ya manispaa. Nermin akaifunika kompyuta, akaikumbatia, akashuka, Haji akiwa bado Haji mtupu.