Kila Neno na Mwenyewe: Miaka Thelathini na Moja ya Mama Kadi

Naandika wasifu huu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni agizo la Mkuu wa Chuo, aliyetaka mstaafu wetu aagwe kwa maandishi katika jarida hili kabla hajaagwa kwa hotuba ukumbini. Ya pili ni kwamba, kati ya watumishi wote wa chuo chetu cha ufundi, mimi ndiye niliyeivuruga kazi yake zaidi, na si haki aliyevuruga akae kimya wakati wengine wanashukuru.

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa kumi jioni, mwalimu wetu wa Kiingereza na Historia, ambaye vizazi vya mafundi vimemwita Mama Kadi, atafunga mlango wa chumba namba saba baada ya utumishi wa miaka thelathini na moja, miezi miwili na siku tisa. Hesabu hiyo ni ya mumewe, fundi saa, ambaye amekuwa akiihesabu kwa uvumilivu wa mtu aliyeahidiwa mgeni wa heshima. Mganga hajigangi: saa ya ukutani katika chumba cha mke wa fundi saa imekuwa nyuma kwa dakika kumi na mbili tangu wengi wetu hatujaajiriwa.

Mama Kadi hakuja chuoni kufundisha. Alikuja akiwa karani wa maktaba, na maktaba yenyewe ilikuwa rafu mbili za vitabu vya mashine, vyote vya Kiingereza. Kila kitabu kilichorudishwa alikikagua, na baada ya miezi michache akagundua jambo ambalo hakuna mkaguzi aliyewahi kuliandika: alama za vidole vyenye grisi zilijaa kwenye kurasa za michoro, ilhali kurasa za maneno zilirudi nyeupe pe. Mafundi walikuwa wakiangalia picha na kukisia mengine. Akaomba ruhusa ya kuwafundisha msamiati wakati wa mapumziko ya mchana, wanafunzi sita, kwenye meza ya kugongea mihuri. Wale sita wakazaa darasa, darasa likazaa kipindi rasmi, na yeye mwenyewe akajiandikisha masomo ya jioni hadi akahitimu shahada ya historia na fasihi.

Shahada hiyo ilimletea utani usiokwisha. Fundi mkuu wa karakana, Mungu amrehemu, alikuwa akimwona anapita ukumbini humuuliza mbele za watu, "Mwalimu, hebu tuambie, historia inakaza nati?" Naye alikuwa akijibu bila kupunguza mwendo, "Haikazi, kaka. Inakuambia nani aliilegeza."

Wageni wengi wameuliza siri ya ufundishaji wake, nami nitaieleza kwa sababu mambo yote yaliyofuata yanatokana nayo. Mama Kadi hakuwahi kutoa orodha ya maneno ya kukariri. Kila mwanafunzi alitakiwa kuleta neno moja la Kiingereza kwa mwezi, alilokutana nalo mwenyewe kazini, barabarani au nyumbani, likiwa limeandikwa kwenye kadi iliyokatwa kutoka jalada la faili kuukuu. Upande wa mbele lilikaa neno. Upande wa nyuma ilikaa habari yake: nani alilisema au kuliandika, akimwambia nani, na nini kilitokea baadaye. Kadi ikishasomwa darasani, aliyeileta huitwa mwenye neno, na yeyote atakayetaka kulitumia katika insha sharti kwanza amwendee mwenyewe, asimuliwe.

Ndiyo maana chuo chetu kilikuwa na kelele za aina yake. Mwanafunzi wa umeme angeonekana akikimbia kwenye ujia huku akipaza sauti, "Mwenye *although* yuko wapi jamani?" na kutoka chumba cha ushonaji angejibiwa, "Yuko huku! Njoo na adabu, neno letu halitolewi kwa watu wenye haraka!" Hivyo fundi bomba akajua habari za cherehani, na mshonaji akajua habari za nyaya. Msamiati uliingia pamoja na binadamu aliyeubeba, na ukiingia hivyo hautoki.

Kati ya kadi zote, moja imekuwa mashuhuri. Ililetwa na mwanafunzi wa mabomba ambaye wenzake walimwita Koplo kwa jinsi alivyotembea kama aliyemeza rula. Neno lilikuwa *neglect*. Alilikuta katika ripoti ya boila, mtungi wa kuzalisha mvuke, iliyopasuka kwenye kiwanda kikubwa cha kufulia nguo alikokuwa akifanya mazoezi ya kazi, na kumuunguza mfanyakazi mikono yote miwili. Ripoti ilisema chanzo ni uzembe wa mwendeshaji. Koplo alitaka kujua maana tu, apate alama zake, aende zake. Mama Kadi akaisoma ripoti hiyo na darasa kwa wiki tatu, kama watu wengine wanavyosoma tenzi. Aliwauliza maswali mawili ambayo kila aliyepita chumba namba saba anayajua kwa moyo: Nani ameandika? Na nani hakuulizwa? Wakaona kwamba ripoti imeandikwa na aliyeiuza boila, na kwamba aliyeungua hakunukuliwa hata mstari mmoja. Koplo alikuja kutafuta maana ya neno akaondoka na tabia ya kuuliza.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nishike kalamu. Mwanzoni mwa mwaka huu lilitolewa pendekezo kwamba Mama Kadi akistaafu, kipindi chake kistaafu pamoja naye, na chumba namba saba kiwe stoo ya kompyuta za uchoraji. Hoja zilikuwa nadhifu: msamiati sasa unapatikana kwenye simu, na masomo ya sanaa, yaani lugha, historia na fasihi, hayana nafasi katika chuo cha mafundi. Nilikuwa nimeajiriwa miezi minne tu katika ofisi ya mipango, nikiwa na shahada ya daraja la kwanza na hamu kubwa ya kuonekana. Nikaagizwa kukusanya ushahidi wa pande zote mbili kwa ajili ya kikao cha Bodi. Ushahidi wa Mama Kadi ulikuwa droo nane zenye kadi zaidi ya elfu nne.

Wiki hiyohiyo aliomba ruhusa ya siku tano kumuuguza dada yake, akaniachia funguo. Nilipofungua droo nilishtuka. Kadi zilikuwa zimefungwa mafungumafungu kwa mipira, *valve* ikifuatiwa na *sorry*, *sorry* ikifuatiwa na *bolt*, bila utaratibu wowote niliofundishwa. Nikaamua kumtendea wema. Kwa siku nne nilikata mipira yote, nikatupa vikaratasi vilivyobanwa humo, nikapanga kadi zote kwa alfabeti, A hadi Z, kisha nikayaingiza maneno kwenye kompyuta. Habari za upande wa nyuma sikuziingiza. Miandiko ilikuwa mibaya. Nilijipongeza sana.

Kile ambacho sikukijua ni kwamba kila fungu lilikuwa mwanafunzi mmoja, miaka yake miwili ya masomo, neno baada ya neno kwa kadiri alivyokua. Kadi zenyewe hazikuwa na majina. Majina yalikuwa kwenye vikaratasi, na vikaratasi vilikuwa vimekwisha kuchukuliwa na gari la taka.

Mama Kadi alirudi Jumatatu asubuhi. Alivuta droo ya kwanza, ya pili, ya tatu, akasimama. Hakupandisha sauti. "Umepanga vizuri, mwanangu. Panapendeza. Sasa niambie, *neglect* ya nani?"

Nikamjibu kwa kujiamini kwamba iko kwenye N.

"Sikuuliza iko wapi."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Zilikuwa zimebaki siku kumi na nane kabla ya kikao cha Bodi, na ushahidi pekee kwamba kipindi hiki kiliwakuza watu, na si kuwajaza maneno tu, nilikuwa nimeukatakata kwa mkasi wa ofisi. Kama angetaka kunishitaki kwa Mkuu, alikuwa na haki. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni lake, akaivaa tena. "Maji yakimwagika hayazoleki," alisema, "lakini haya si maji, ni watu. Tuwaite wenyewe."

Namba za simu tulizipata kwenye rejista za zamani. Nilishauri tuwatumie wote ujumbe mmoja, akakataa katakata. Kila mmoja apigiwe, aulizwe kwanza hali yake na watoto wake, ndipo aambiwe shida. Nilipiga simu mia moja na kumi na mbili. Nilitukanwa kidogo, nilichekwa sana. Fundi mmoja wa uchomeleaji aliniambia, "Kwa hiyo wewe ndiye msomi uliyetufanya yatima? Nakuja, lakini uniandalie kiti."

Wakaja. Walikuja saa za mchana wakiwa na ovaroli na viatu vya vumbi, fundi umeme akiegemeza ngazi yake nje ya mlango, mshonaji akiwa na mtoto mgongoni na utepe wa kupimia shingoni. Waliinama kwenye droo kama wanaochagua nafaka, na ajabu ni kwamba walizitambua kadi zao upesi, wengi kabla ya kumaliza mstari wa kwanza. Wala hawakuzichukua kimyakimya. Kila mmoja alisoma upande wa nyuma kwa sauti, na waliokuwepo wakaacha walichokuwa wakifanya.

Sitamsahau dada mmoja ambaye sasa anaendesha kreni kwenye majengo makubwa. Kadi yake ilikuwa *steady*, yaani tulia, usiyumbe. Siku yake ya kwanza kazini alikuwa ameinua kalvati la zege juu ya vichwa vya watu, upepo ukavuma, kalvati likaanza kuyumba. Mzee aliyekuwa akimfundisha hakumfokea. Alilitamka neno hilo mara tatu kwenye redio, polepole, hadi kalvati likatua. Dada yule alipomaliza kusoma akasema, "Mzee wangu alishafariki. Kumbe nilimweka humu." Mama Kadi alimpa mpira mpya wa kufungia, naye akalifunga fungu lake mwenyewe.

Hadi siku ya kikao, kadi elfu mbili na mia sita zilikuwa zimerudi kwa wenyewe. Zilizosalia zimekaa kwenye droo tatu za mwisho, zilizobandikwa maneno "Wanaotafutwa", na mlango uko wazi.

Kwenye Bodi, Mama Kadi hakuhutubia. Alimwomba Koplo aseme. Koplo sasa ni mkaguzi wa maboila, bado anatembea vilevile. Mjumbe mmoja alimuuliza, kwa upole wa mtu ambaye amekwisha kuamua, kama neno lake la *neglect* asingeweza kulipata kwenye simu. Koplo akasimama wima. "Nililipata, mheshimiwa. Simu iliniambia maana yake ni uzembe. Haikuniambia niulize uzembe wa nani." Kisha akaeleza jinsi mwaka jana alivyokataa kutia saini ripoti ya boila iliyopasuka kiwandani hadi mwendeshaji aliyelazwa aulizwe kitandani, na mwendeshaji akasema vali ya usalama, inayotoa mvuke ukizidi, ilifungwa kwa waya kwa amri ya msimamizi. Waya ulikutwa. Maboila mengine matatu ya mwenye kiwanda huyohuyo yakazimwa siku ileile, na watu waliokuwa wakiyalisha kuni wako hai.

Bodi iliamua kipindi kibaki, chumba namba saba kibaki, na kompyuta zitafutiwe mahali ghorofani. Wakati mwalimu mpya akitafutwa, wanafunzi wa zamani watafundisha kwa zamu, Koplo akianza. Mimi nimekabidhiwa funguo za droo zote nane, kwa sharti moja lililoandikwa kwenye barua rasmi kwa mkono wa Mama Kadi: nisipange chochote.

Nilisoma miaka mingi nikiamini kwamba maarifa ni kitu cha kuwekwa mahali pake ili kipatikane haraka. Mwanamke huyu amenifundisha, bila kunikemea, kwamba kuna maarifa ambayo ukiyatenganisha na aliyeyapata, unabaki na karatasi. Masomo ya sanaa ndiyo yanayoulinda uhusiano huo. Fundi anayejua nati bila kujua nani aliilegeza ataikaza leo, na kesho itamwangukia mwingine.

Mama Kadi, kwa niaba ya karakana, ofisi, jikoni na geti, asante kwa kuzisoma alama za grisi ambazo sisi wengine tuliziona uchafu tu. Mumeo amesubiri vya kutosha. Nenda ukapumzike kwa afya na kicheko, na dada yako apone akusumbue miaka mingi. Tunakutakia mapumziko marefu, lakini si ya kuanzia mara moja.

Kwa kuwa katika miaka thelathini na moja hukuwahi kuweka kadi yako mwenyewe kwenye droo, wanafunzi wako wamekuhifadhia dawati la nyuma, karibu na dirisha, nawe umekubali kuja kama mwanafunzi na neno lako. Mimi pia, ambaye sina kadi hata moja, nimeagizwa kuja na yangu, upande wa nyuma ukiwa umejazwa. Fundi saa ameahidi kuirekebisha saa ya ukutani ili pasiwepo wa kuisingizia. Basi tukutane chumba namba saba, Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao, saa nane kamili mchana.