Wimbo wa Nyavu

Katika teksi ya Butembo kwenda Beni nilikaa katikati ya abiria wawili waliobishana, mwanangu mdogo Falonne akiwa mapajani. Papa Mbusa, mwindaji mwenye permis, kibali cha serikali cha kuwinda, alikuwa akimwambia Mama Atosha, Mumbuti, mmoja wa watu wa msituni wanaowinda kwa nyavu, wa pori la Mangina: "Mama, Jumamosi batu benu banyamaze. Na makelele ile, nyama yote inakimbia."

"Mais papa, tunaimba kusudi ikimbie! Inakimbilia mu nyavu yetu. Unataka Jumamosi ile binti yangu aolewe bila nyama?"

"Serikali ilinipatia permis ya pori ile."

"Na sisi, nani alitupatia? Tulizaliwa mule. Weye ndiye uje siku ingine."

"Hapana! Permis inaisha Jumamosi."

Mama Atosha akaanza kuimba wimbo wao wa kufukuza wanyama. Falonne akarukaruka mapajani kama mboloko, yule swala mdogo wa msituni, na dereva akapiga honi kwa mdundo. Papa Mbusa alikunja uso, lakini kiatu chake kilikuwa kikicheza.

Beni tukasimama. "Jumamosi munyamaze!" Papa Mbusa alisema akishuka.

"Jumamosi ulete mke wako, tuimbe naye!"

Akaenda zake akitikisa kichwa, wimbo uleule ukimtoka kwa mluzi.