Mwalimu Verediana Kihwele, Aliyerudi Darasa la Kwanza na Shahada ya Uzamili

Mwalimu Verediana Kihwele alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 huko Kilolo, Iringa, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Joachim Kihwele na Bi Bertha.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kilolo na sekondari Iringa mjini, kisha akahitimu ualimu Mbeya mwaka 2004. Mwaka 2008 alifunga ndoa na Bwana Gwakisa Mwaisumo, Mnyakyusa. Siku ya kutambulishwa ukweni alisalimia kwa Kinyakyusa alichokikariri, akakosea, ukumbi mzima ukacheka. Akacheka nao, akaomba afundishwe upya.

Mwaka 2013 alihamishiwa Usangu kufundisha darasa la kwanza. Wanafunzi wengi walikuwa watoto wa wafugaji wa Kisukuma. Siku moja mfugaji mmoja, Mzee Budeba, alikuja kumwondoa shule binti yake Shija.

"Nyumbani huyu anaongea kutwa, Mwalimu," alisema. "Kwako amekuwa bubu."

Verediana alimsihi amwachie mtoto mpaka muhula uishe, naye akaanza kwenda jioni nyumbani kwa Mzee Budeba, kujifunza Kisukuma kwa mama yake Shija wakati wa kukamua. Akawa anasimulia hadithi darasani kwa lugha mbili, mpaka Shija akafungua kinywa, na wenzake wakafuata. Walimu wengine walisema anawadekeza. Mkaguzi mmoja alimwagiza aache, kwa kuwa njia hiyo haikuwa na utafiti wowote. Verediana akamwambia kwa adabu kwamba utafiti huo ataufanya yeye.

Ndivyo alivyojiunga mwaka 2019, akiwa tayari na shahada ya kwanza aliyoisomea likizoni, na shahada ya uzamili ya ufundishaji wa lugha za kisasa, katika chuo kikuu kimoja mjini Iringa. Gwakisa alibaki Mbeya na watoto, akajifunza kusuka nywele za binti yao, ingawa mistari haikunyooka.

Novemba 2020 aligundulika kuwa na saratani ya titi. Mumewe alimwomba aahirishe masomo. Yeye akaomba aletewe kompyuta wodini. Akishaamua jambo, hakuna aliyembadilisha, na sisi nduguze tulilijua hilo mapema. Tasnifu yake aliitetea akiwa ameketi, maana kusimama kulimshinda. Mtahini alimuuliza kwa nini mwalimu ajisumbue kujifunza lugha ya mwanafunzi.

"Kwa sababu mtoto ni mdogo," alijibu. "Hawezi kuja njia yote peke yake."

Alihitimu Desemba 2021. Chuo kimoja kilimtaka awe mhadhiri, akashukuru, akarudi Usangu, darasa lile lile la kwanza.

Ugonjwa ulirudi mwaka 2024. Siku zake za mwisho, hospitalini Mbeya, aliongea Kihehe tu, lugha ya kwao Kilolo. Gwakisa hakukielewa vizuri, hivyo Bi Bertha aliketi upande wa pili wa kitanda akimfasiria. Neno la mwisho alilofasiri lilikuwa hili:

"Anakuuliza kama umekula."

Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Juni 2025. Ameacha mume, watoto wawili, Lea na Nashoni, wadogo zake Aroni na Esnath, na mama yake mzazi.

Mwenyezi Mungu ampe pumziko jema, Mwalimu wetu.