Tryphena Wakesho na Ua Lisilotaka Maji

Ndugu wa Mbololo mlioteremka mlima, majirani wa nyumba za reli, na kina mama wa kanisa la Voi: aliyelala mbele yetu leo, Ijumaa tarehe 10 Oktoba 1958, ni Tryphena Wakesho, mke wa Philemon Mwandawiro, mama yao Hudson na marehemu Edith. Maisha yake yanasomwa na mdogo wake, Obadiah. Marehemu alimchagua mwenyewe akisema Obadiah hajui kupaka mambo mafuta, na kwamba siku hii litakuwapo jambo la kusemwa lilivyo.

Tryphena alizaliwa Mbololo tarehe 14 Mei 1916, mtoto wa Mzee Phineas na Mama Elsie. Masika ya mwaka huo yalikuwa makali, na mkunga ilibidi abebwe mgongoni kuvushwa kijito. Mama Elsie alipenda kusema kwamba mtoto huyu alioshwa na mvua kabla ya kuoshwa na watu. Pale nyumbani maji yalipita nyuma ya migomba bila kuombwa na mtu, na hakuna aliyedhani kwamba binti aliyezaliwa hivyo angemaliza maisha yake akipanga foleni ya maji na debe mkononi.

Alisoma shule ya misheni ya Mbale kuanzia mwaka 1926 hadi 1930, akafika darasa la nne. Alijua kusoma, kushona na kupiga pasi, lakini alichokijua zaidi ni kutania bila kucheka. Siku moja alichelewa, mwalimu akamuuliza sababu. Akajibu kwamba amekutana na chui njiani, na chui huyo alikuwa anauliza njia ya kwenda shuleni. Uso wake ulikuwa mkavu kabisa. Mwalimu alisikia neno chui tu, yaliyofuata hakuyasikia. Watoto wote wakarudishwa makwao wakisindikizwa na wanaume wenye mikuki. Kesho yake Tryphena alichapwa, na wenzake walimpenda tangu siku ile. Ulimi huo ulimfurahisha kila mtu maisha yake yote, na mwishoni ulimponza.

Tarehe 12 Desemba 1936 alifunga ndoa kanisani na Philemon Mwandawiro, kijana wa Mbololo aliyekuwa katika genge la kutengeneza reli. Mwaka uliofuata wakahamia Voi. Mtoto wa mlimani akakuta vumbi jekundu, jua la kupasua kichwa na mfereji mmoja wa watu wengi. Alilia siku nyingi. Baadaye akanyamaza, akaanza kazi ya kufua na kupiga pasi nguo za wafanyakazi wa stesheni, kazi aliyoifanya hadi mwaka huu. Hudson alizaliwa mwaka 1938. Mimba mbili zikaharibika. Edith akazaliwa mwaka 1944, na watu wa nyumba za reli watakumbuka kwamba tangu hapo mama huyu hakuitwa tena Tryphena, aliitwa Mama Edith.

Mwezi Julai 1952 Edith alifuatana na baba yake kazini kwenye njia ya Taveta. Katikati ya mawe, mahali ambapo hata nyasi zimekata tamaa, akaona mmea wa shina nene lililovimba chini, hauna jani hata moja, umejaa maua ya waridi. Muli, jirani yao aliyefanya kazi na baba yake, alimwonya: "Mwanangu, usiuvunje. Maziwa yake ndiyo watu wa mishale hupikia sumu." Edith hakuuvunja. Aliuchimbua na mizizi yake, akausafirisha ndani ya gunia hadi nyumbani.

Mama yake aliposikia neno sumu aliutupa nyuma ya nyumba. Ulilala pale juani wiki baada ya wiki, mizizi imeelekea mbinguni, na siku moja Edith akamwita mama yake aje aone. Mmea umechanua ukiwa umelala chini. Tryphena akasema, "Basi huyu ni mtu wa Voi kuliko sisi." Akamjengea kitanda cha mawe na mchanga mbele ya mlango, akazungushia miiba ili mbuzi wasije wakajiua, na akawafundisha watoto kunawa mikono kila wakiugusa. Maji hakuupa. Muli alikuwa amemweleza kwamba mmea huu hunywa mvua tu, na kwamba ukinyweshwa wakati wa baridi unaoza kuanzia chini.

Tarehe 3 Septemba mwaka 1953, Edith alifariki kwa homa ya malaria akiwa na umri wa miaka tisa. Ua lilikuwa limechanua. Philemon hakuwa na njia ya kumpeleka mtoto Mbololo, akazikwa hapa Voi, katika udongo huu mlioukanyaga mkiingia. Edith hakuwahi kupigwa picha. Nguo zake ziligawiwa. Kilichobaki cha mkono wake duniani kilikuwa ule mmea mbele ya mlango, na kila mwaka, miti yote ikiwa imekauka, ulichanua karibu na siku aliyokufa. Mama yake alikaa nao asubuhi kabla ya kuwasha makaa ya pasi. Alizungumza nao pia. Majirani walimsikia, na kwa adabu hawakusema.

Walichokisema ni kingine. Nani angeamini kwamba ua linachanua Voi mwezi wa nane bila maji? Kina mama wakamtania: "Mama Edith, sema kweli. Maji ya nguo zetu unalinyweshea ua." Naye, kwa uso ule ule uliomdanganya mwalimu wa Mbale, akawajibu: "Nalinywesha kila siku, tena na sabuni kidogo. Nyinyi mnafikiri linanukia hivi kwa nini?" Wakacheka. Wakaamini. Miaka mitano walimwuliza, na miaka mitano akawajibu hivyo hivyo.

Mapema mwaka huu alianza kuumwa tumbo, na uvimbe ukaonekana. Tarehe 9 Juni alilazwa hospitali ya Wesu. Kabla ya kupanda gari alimshika mkono dada yake Jedidah, aliyekuwa ameteremka kutoka Mbololo kuja kutunza nyumba, akamwambia maneno matano tu: "Niangalizie ua la mtoto wangu." Hakufafanua zaidi, maumivu hayakumruhusu.

Sasa tunafika kwenye jambo lenyewe, na kina mama mtuvumilie.

Kiangazi cha mwaka huu mnakijua. Mfereji ulitoa maji asubuhi tu, na waliochelewa walirudi na madebe yakipiga kelele matupu. Jedidah alimwona mgonjwa wake akienda, akaliona ua, akaogopa. Akawaomba kina mama wa kanisa wamsaidie. Wakapanga zamu. Kila siku mmoja wao alileta kata ya maji kutoka katika debe lake, maji ya uji wa watoto wake, akayamwaga pale penye mawe. Wengine waliongeza sabuni kidogo, kama walivyosikia kwa mwenyewe. Hakuna aliyekosa zamu. Muli, ambaye angewazuia, alikuwa na genge huko Maktau, na mkewe Ngina alikuwa amekwenda kwao Ukambani kumzika mama yake. Baridi ya Juni na Julai ikapita juu ya udongo uliolowa. Ua lilipoanza kulegea, kina mama wakaona lina kiu, wakaongeza kata ya pili.

Ngina alirudi katikati ya Agosti. Alibonyeza shina kwa kidole, kidole kikazama. Bila kumwambia mtu alileta kisu, akakata tawi moja la juu ambalo lilikuwa bado gumu, akaliacha kivulini likauke kidonda, halafu akalichomeka katika kopo la mchanga mkavu. Mengine yote yalikuwa yameshaharibika.

Tryphena alirudishwa nyumbani tarehe 25 Agosti. Madaktari walikuwa wamesema hakuna la kufanya tena. Philemon alimshusha garini mikononi mwake, maana alikuwa amepungua sana. Kina mama walikuwa wamejipanga mlangoni, wengine wanalia, na pale kwenye mawe palikuwa na kitu cheusi kinachonuka. Alikitazama kwa muda mrefu. Jedidah akapiga magoti vumbini: "Dada, tulilinywesha maji. Wallahi tulilinywesha kila siku. Hatukukosa hata siku moja."

Tunaomba mjue kwamba Tryphena alilia. Si kweli, kama inavyosemwa sasa, kwamba aliyapokea kwa tabasamu. Alilia kwa sauti kuliko alivyolia siku ya kumzika Edith, akasema, "Sasa amekwenda kabisa," na kwa siku kadhaa hakutaka kumwona dada yake wala mtu yeyote wa kanisa. Chakula cha Jedidah kilirudi jikoni kama kilivyopelekwa. Hayo yalitokea, na mwenyewe aliagiza yasemwe, ili mtu asije akadhani kusamehe kulikuwa rahisi.

Jumapili moja alimwita Jedidah chumbani. Obadiah alikuwapo. Akamwambia: "Mdomo uliponza kichwa. Niliwadanganya miaka mitano, mkaniamini siku moja ambayo sikuwapo." Kisha akasema tena: "Jedidah, hapa Voi, nani anampa mwenziwe maji ya uji wa watoto wake? Nani aliwahi kupewa? Mimi nilipewa kila siku, na sikuwapo hata kusema asante." Wakashikana. Siku ile alikula.

Tangu hapo kopo la Ngina liliwekwa dirishani karibu na kitanda. Kila asubuhi alinyoosha mkono, akalibonyeza lile tawi kwa kidole gumba, akasema, "Bado ni gumu." Halikutoa jani. Halikutoa ua. Septemba ilipita, siku ya Edith ikapita, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na kitu kilichochanua. Asubuhi ya Jumanne tarehe 7 Oktoba alilibonyeza, midomo ikasogea, sauti haikutoka. Alifariki kabla ya adhuhuri, Philemon akiwa amemshika miguu. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na miwili.

Wazee wa Mbololo walitaka azikwe mlimani, kwa watu wake, penye maji. Yaliyosemwa katika kikao kile hatutayarudia. Mwenyewe alisema alale kando ya Edith, na ndivyo ilivyo.

Marehemu ameacha mume, Philemon Mwandawiro, mwana, Hudson, mama yake mzazi, Mama Elsie, ambaye leo anamzika mtoto aliyemzaa kwenye mvua, dada, Jedidah, na mdogo wake, Obadiah. Ametanguliwa na baba yake, Mzee Phineas, na binti yake, Edith.

Baada ya kaburi kufukiwa, lile tawi litapandwa kati ya makaburi haya mawili. Hatujui kama limeota mizizi, au kama tunapanda kijiti. Ngina anasema tusubiri mvua za Novemba. Atakayelipanda ni Jedidah, kwa kuwa marehemu alisema iwe mikono yake na si ya mtu mwingine. Jedidah alikataa mara mbili, akakubali jana.

Tunawaomba kitu kimoja tu. Mtapita hapa mkienda stesheni na madebe yenu, na mtaliona limesimama kavu juani, halina jani. Mtalihurumia. Tafadhali, piteni. Maji hayo wapelekeeni watoto wenu, na yeye mwacheni apumzike kwa amani kando ya mwanawe, angojee mvua.