Pumzi ya Kuwasaidia Wataalamu

Tangu treni iondoke, abiria mmoja, dereva mstaafu, alikuwa anajizoeza kubana pumzi. Leo ilikuwa zamu yake ya kupigwa picha ya moyo, ambayo aliambiwa hutaka mtu abane pumzi, na kifua chake cha pumu kilikuwa hakisikii amri. Mbele yake bwana mmoja mnene alikuwa anamsimulia jirani yake wa kiti, mama fundi cherehani, alivyopigwa picha kama hiyo.

"Ile mashine inakusubiri, dada yangu! Mimi nilijitia hodari, nikabana pumzi. Mtaalamu akaniambia kwenye spika, 'Baba, pumua tu, usitusaidie.' Inafuata kifua kinavyopanda na kushuka. Kikitulia ndipo inapiga. Nikapitiwa na usingizi, nikakoroma, na picha ikatoka safi, hadi milango ya moyo inaonekana. Waliobuni kitu kile vichwa vyao si vya kufugia nywele!"

"Mashine iwe na subira? Mume wangu mwenyewe hana!"

"Wewe mtoto asiyetulia unampimaje gauni?"

"Namvizia. Akitulia, nachoma pini. Lakini mimi nina macho, ndugu yangu."

Treni ikasimama kituo cha hospitali, bado wanabishana. Dereva mstaafu akainuka, akashusha kwa kishindo pumzi aliyokuwa ameibana hadi wote wawili wakageuka.

"Samahani," akasema. "Hiyo nilikuwa nawawekea wataalamu."