Bi Mzunguko na Vikombe Vinne

Ijumaa, tarehe 30 Juni, Bi Mzunguko anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika idara yetu ya hisabati. Jina hilo alipewa na wanafunzi, naye alilipenda kuliko lile la kwenye kitambulisho.

Kazi yake ilikuwa kuhesabu. Vitu vikishabadilishana nafasi, kuna njia ngapi za kuyavunja mabadiliko hayo kuwa mizunguko midogo midogo? Aliyeiona kazi hiyo mchezo alipelekwa jikoni kwetu. Juu ya sinki kuna misumari minne, na vikombe vinne vya walimu wa aljebra, kimoja kikiwa chake. Bi Mzunguko alisogeza kila kikombe msumari mmoja mbele, cha mwisho akakipeleka mwanzo. Mwalimu mgeni alitakiwa avirudishe vyote kwa kubadilishanisha viwili viwili, mara tatu tu, na hapati chai mpaka ataje idadi ya njia zote.

Mimi niliingia kwa mbwembwe nikataja kumi na mbili, maana nilidhani kuanza na jozi hii au ile ni mamoja. Ni kumi na sita. Alinionyesha kwa mikono yenye povu, akinicheka, halafu ghafla akaliacha bomba likimwaga maji, akakimbilia ofisini kwake. Makala yake kubwa, iliyokwisha kukubaliwa na jarida na ambayo uprofesa wake uliitegemea, ilikuwa na kosa lile lile.

Hakuna mwingine aliyekuwa ameligundua. Aliiondoa mwenyewe kabla ya saa sita mchana, na uprofesa ukampita kando. Wiki nzima nilimkwepa kwenye korido. Yeye ndiye aliyenitafuta, na kikombe cha chai ya moto, akaniambia nimemwepusha na aibu.

Alihangaika nayo upya miaka tisa. Mumewe, fundi cherehani, anasema ilibidi ampige mkewe marufuku kugusa kopo la vifungo, maana alivitumia kuhesabia mizunguko. Machi mwaka huu makala ilichapishwa, hesabu ikiwa sawasawa, na uprofesa ukafuata ukiwa umebakiza miezi mitatu ya kutumika. Aliposoma barua alicheka mpaka akakaa chini.

Bi Mzunguko, asante. Juzi ulifungasha kikombe chako, nasi tukavijaribu vilivyobaki: vikombe vitatu, mabadilishano mawili, njia tatu tu. Hata mimi sikukosea, na hapo ndipo machozi yaliponitoka.

Utusamehe, tumekitoa kwenye boksi. Pumzika kwa raha na afya tele, na ukichoka kupumzika, kikombe chako kipo msumari wa tatu.