Mama Masafa na Safari ya Saa Kumi na Tisa

Ifikapo tarehe 30 Juni, Mama Masafa ataondoka kwenye dirisha namba mbili la ofisi yetu ya tiketi, baada ya utumishi wa miaka thelathini na moja. Muda wote huo ameulizwa swali lile lile: ule mji wa mbali kuliko yote tunaoukatia tiketi, ni umbali gani, na mtu anafika baada ya muda gani?

Alianza kazi akiwa mpiga chapa, tukimwita Dada Masafa. Magoti yalipoanza kugombana na ngazi, akawa mama. Jibu lake halikubadilika: kilomita elfu nane na mia tisa, saa kumi na moja angani kwa kwenda, kumi na mbili na ushei kwa kurudi. Wateja wakinung'unika kwamba wakirudi wanazungushwa, aliwaambia kwa sauti ya uchovu kuwa upepo haukati tiketi, basi hauna adabu na abiria.

Tangazo letu ukutani lilisema "Saa kumi na moja tu!" Hilo "tu" halikutoka kinywani mwake hata siku moja. Yeye alihesabu foleni, ukaguzi, kusubiri ndege ya pili na teksi ya mwisho: saa kumi na tisa, mlango hadi mlango. Meneja alimwonya mara mbili kwamba anatufukuzia wateja.

Miaka tisa iliyopita, saa nne asubuhi, alikuja fundi cherehani. Baba yake alikuwa mahututi katika mji ule, na daktari hakudhani kama angeiona jioni. Fundi alitaka kuondoka papo hapo. Kiti kilikuwapo, na meneja alikuwa amesimama nyuma yetu.

"Mwanangu," Mama Masafa akamwambia, "tiketi nitakukatia. Lakini utafika kesho alfajiri. Mpigie kwanza."

Akamsogezea simu ya ofisi. Kule hospitalini muuguzi akamwekea mzee simu sikioni. Fundi akaongea robo saa nzima, huku sisi tukijifanya tunapanga makaratasi.

Mzee alifariki mwanawe akiwa bado angani. Aliporudi, fundi alikuja dirishani. "Nilichelewa, mama," alisema, "lakini tulikuwa tumeshaagana." Meneja hakumwonya tena.

Siku ile Mama Masafa alikaa jikoni mwa ofisi mpaka chai ikapoa. Alikiri kwamba amechoka kuwapimia watu umbali wa wapendwa wao. Kesho yake aliwahi kazini kuliko sote, na akawahi hivyo kwa miaka mingine tisa.

Mumewe anasema hana mpango wowote naye ila kumwacha alale. Tunamuunga mkono.

Ahsante, mama, kwa kutufundisha kusema kweli kwa upole. Kapumzike mpaka utosheke. Mungu akupe afya, siku ndefu zisizo na foleni, na watu wako wote wawe karibu.